Ndiyo ya Otilia

Nilitoka msibani Mbingu kabla ya chakula, na anayenijua anajua kwamba mimi si mtu wa kuukimbia wali wa msiba. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, miguu nimeinyoosha kwa sababu magoti yangu hayakunjiki tena, tukisubiri jeneza lifungwe. Ndipo alipoingia mtani. Kijana wa miaka thelathini hivi, amevaa jezi ya mpira juu ya suruali ya kanisani, akajilaza sakafuni kando ya marehemu na kumwuliza kwa sauti ya mzee wa ukoo: Otilia, unakubali kwenda? Mwenzake aliyejificha nyuma ya mlango akajibu kwa sauti nyembamba ya kike, ndiyo. Yule wa kwanza akaruka juu, akawazuia wabeba jeneza kwa mikono miwili. "Tusimzike kwanza, ndugu zangu," alisema. "Hiyo ni ndiyo ya Otilia." Nyumba nzima ikaangua kicheko. Walicheka waliokuwa wakilia, na katekista naye alicheka, mdomo kauziba kwa kitabu cha nyimbo. Mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaokota fimbo yangu, nikamwambia mjukuu wangu aniitie bodaboda, nikaondoka bila kutupa mchanga kaburini mwa dada yangu.

Sina ugomvi na utani. Nimefundisha watoto wa bonde hili mpaka nimestaafu, na kila mwaka nilikuwa na somo la utani: kwamba mtani ana haki ya kukamata kuku wa msiba, kuvaa viatu vya marehemu na kuiga kikohozi chake, ili waliofiwa wapate kupumua. Kijana yule alifanya kazi yake, na aliifanya vizuri. Kilichoniudhi ni kwamba alirithi uongo, akaulaza kando ya maiti, na katika watu wote waliokuwa mle ndani ni mimi peke yangu niliyejua kuwa ni uongo. Nilijua tangu siku ulipozaliwa. Nilikuwa nimekaa nao mkeka mmoja kwa zaidi ya miaka sitini.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Kuanzia Mkula mpaka Mbingu, mtu akikuahidi jambo na wewe unajua hatalifanya, unamwambia asikupe ndiyo ya Otilia. Fundi cherehani akisema suruali itakuwa tayari Jumamosi, hiyo ni ndiyo ya Otilia. Wingu jeusi likisimama juu ya mashamba halafu likaenda zake kunyesha milimani, wakulima husema limetupa ndiyo ya Otilia. Pikipiki ikiwaka na kuzima, wasichana wakiitika barua za wavulana kwa kuwachezea, mgombea akipita kuomba kura, wote hupewa jina hilo hilo. Ukiuliza Otilia ni nani, utaambiwa alikuwa msichana wa Mofu, kigeugeu, aliyekubali posa nyumbani mbele ya wazee, watu wakala, wakanywa, kisha akaenda kumkana bwana harusi kanisani. Hadithi hiyo ni tamu, na ina kweli ndani yake isipokuwa mahali pamoja. Ndiyo ile haikuwa ya Otilia. Ilikuwa yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nina miaka kumi na minne. Sitaeleza kwa nini nilipelekwa kukaa Mofu kwa mama mkubwa. Hizo ni habari za wazazi wangu, nao wamelala. Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa ya miti na udongo, ya vyumba vitatu, na kuta zake zilikomea usawa wa kichwa cha mtu mrefu bila kufika kwenye paa. Juu ya kuta palibaki wazi, moshi na maneno vikipita vitakavyo. Chumba chetu wasichana kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba tulicholala wawili, debe la mbegu ya mpunga lililofunikwa kwa jiwe, ungo uliotundikwa ukutani, na kidirisha kilichozibwa kwa tambara wakati wa mbu. Ukilala chali ulisikia kila kilichosemwa sebuleni, hata baba mkubwa akishusha pumzi. Otilia, binti wa mama mkubwa, alikuwa na miaka kumi na tisa au ishirini. Sauti zetu zilifanana mno. Mama mkubwa akiwa uani akiita, aliyeitika hakumjua mpaka amwone.

Msimu wa mpunga tulihamia shambani, kama walivyohama watu wote wa Mofu, tukakaa kwenye kibanda cha nyasi kando ya maji. Kazi yetu sisi wawili ilikuwa kulinda ndege. Tulikaa juu ya dungu tangu alfajiri, tumejiwekea tonge za udongo mbichi wa kurusha kwa kombeo, na kwelea kwelea wakija tulipiga kelele mpaka koo zikauke. Mchana tulikula ugali wa mchele na samaki kitoga wa kuchemsha kwa ndimu na bamia, tukiramba vidole. Ndege wakipumzika, Otilia alicheza na maneno. Alikuwa hivyo, wenzake walisuka mikeka, yeye alichambua maneno. Palikuwa na mzee jirani aliyewahi kuwa mpagazi wa Wajerumani, ambaye alimwambia kwamba neno shule Mjerumani alikuja nalo, na hela pia, ilikuwa sarafu yao. Otilia alifurahi siku nzima. Aliliweka neno shule mdomoni, akalitoa, akalirudisha. Kisha akasema jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi mno kuliko nilivyopenda. "Mjerumani kaondoka, maneno yake yamebaki," alisema. "Mimi nami nitaacha langu."

Na aliacha, wala si moja. Leo mtu wa Ifakara akikatisha kazi kwa kisingizio, wenzake humwambia ameona mvua ya karani. Hawajui kwamba neno hilo lilizaliwa juu ya dungu la mama mkubwa, Otilia alipokuwa akimcheka karani wa kununua pamba aliyefunga mzani kila alipoona kiwingu, hata kiwingu cha ukubwa wa kofia yake. Mtu akiamini uvumi, tunasema amevuka kwa sikio. Hilo nalo ni la Otilia, kwa ajili ya jirani aliyesikia ng'ambo ya mto mtu akiitia mtumbwi, akadhani mtumbwi umefika, akajitumbukiza na mzigo wake wa chumvi. Mwenye mavuno haba tunasema amelima na kwelea. Otilia. Aliyatoa maneno hayo huku akirusha udongo, nami nikayapeleka kisimani jioni, wasichana wa kisimani wakayapeleka makwao, na kufikia masika yaliyofuata maneno yenyewe yalikuwa yameshavuka mto. Hakuna hata moja lililobeba jina lake. Lililolibeba jina lake ni lile moja ambalo hakulitoa yeye. Kila nikifikiri hivyo natamani kuvunja kitu.

Habari za posa tulizisikia juu ya ukuta. Mwanamume aliitwa Damiani, mjane wa miaka arobaini, mwenye cherehani yake Ifakara. Hakuwa mtu mbaya, nami sitamfanya mbaya ili hadithi yangu iwe rahisi. Mshenga alikuja mara mbili, akasifu mikono ya Otilia, akala wali wetu akaondoka. Mara zote mbili Otilia alimfuata mama yake jikoni kumwambia kwamba hataki, na mara ya tatu alimwambia mbele yangu, tukipepeta. Mama mkubwa aliuliza Damiani amemkosea nini. "Simchukii, mama. Simtaki tu," alijibu Otilia. Zaidi ya hilo palikuwa na jambo jingine. Masista wa upande wa Mahenge walikuwa wakichukua wasichana waliosoma kidogo na kuwafunza ukunga, nao walikuwa wamekubali kumpokea baada ya mavuno, kwa sharti kwamba alete barua ya baba yake. Otilia alikuwa amekwisha kushona begi la nguo zake kwa gunia la sukari. Usiku nilimsikia mama mkubwa akimweleza mumewe kwamba msichana ana haya, ndiyo maana anakataa, na kwamba wasichana wote hukataa.

Sasa sikilizeni desturi, maana vijana wa leo hawaijui na ndiyo maana wanacheka ovyo. Siku ya kupokea jembe, msichana hakukaa na wageni. Alikaa chumbani mwake na mdogo wake mmoja wa kumfariji. Wazee wa kiumeni waliweka sebuleni jembe jipya lililofungwa kitambaa cheupe, na mzee wa kikeni akasogea karibu na ukuta wa chumba akauliza: mwanangu, jembe hili tulipokee? Akauliza mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili msichana hunyamaza, kwa sababu mwenye adabu haiparamii ndoa. Mara ya tatu huitika. Asipoitika mara ya tatu, wageni hunyanyua jembe lao, hunywa maji na kuaga, na hakuna anayegombana na mwenzake. Wahenga wetu hawakuwa wajinga. Waliuacha ukimya uwe mlango wa kutokea, mwanamke atoke bila kumwaibisha mtu.

Siku hiyo kuku wawili walikuwa jikoni, na harufu ya wali ilijaa mle chumbani mpaka nikasikia njaa. Tulikaa ukingoni mwa kitanda. Otilia alikuwa ametulia kabisa, akisuka na kufumua ncha ya mkeka. Mzee aliuliza mara ya kwanza, kukawa kimya. Akauliza mara ya pili, kukawa kimya, na nikamsikia mgeni mmoja akicheka kidogo kwa kuridhika kwamba msichana ana malezi. Hapo mama mkubwa aliingia kwa mlango wa uani. Hakumtazama binti yake. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaniminya kwa kucha mpaka machozi yakanitoka, na mzee alipouliza mara ya tatu, akaniambia sikioni neno moja, "Itikia." Nami nikaitika. Nilisema ndiyo, baba, lipokeeni. Nilisema kwa sauti nzuri, ya adabu, na vigelegele vikapigwa kabla sijafunga mdomo. Mama mkubwa alitoka akiwa anapiga vigelegele naye. Otilia hakunipiga wala hakulia. Alikaa na ule mkeka mkononi, akasema polepole, "Ningenyamaza, wangeondoka." Kisha waliniita nikaandae chakula, nikaenda, na nikala. Paja la kuku nililopewa siku hiyo nalikumbuka, lilikuwa na chumvi ya kutosha.

Kuna watu watauliza mbona hakutoka akasema. Watu hao hawajawahi kuwa wasichana katika nyumba ya baba mkubwa. Jembe lilikuwa limekwisha kupokelewa, chakula kimeliwa, na angetoka angelazimika kusema kwamba mama yake ametunga uongo mbele ya wazee wa koo mbili. Baba mkubwa alikuwa na fimbo ya mpingo, na mgongo wa mama mkubwa uliijua. Otilia alimwambia mama yake jambo moja tu, jikoni, nami nipo. Alisema atajibu mahali pasipo na ukuta. Mama mkubwa alidhani ni yale maneno yake ya dunguni. Matangazo ya ndoa yalisomwa kanisani Jumapili tatu, Otilia amekaa safu ya wanawake, kilemba kimefungwa vizuri, hata jicho hapepesi. Siku ya ndoa yenyewe Padre alimwuliza swali lake, naye akasema, "Hapana, Padre." Padre alifikiri hakusikia vizuri, akauliza tena kwa upole. Akasema hapana tena, kwa sauti iliyofika hadi kwa waliosimama nje. Padre akafunga kitabu. Damiani aliokota kofia yake benchini, akatoka peke yake, na aliponipita mlangoni akaniambia pole, mdogo wangu, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Natamani angenizaba kofi.

Jioni wazee walikaa sebuleni. Mimi niliamriwa kukaa mlangoni na mtungi wa maji kwa ajili ya kuwahudumia. Otilia alisimamishwa katikati. Baba mkubwa alimwuliza swali moja: siku ya jembe ulisema ndiyo, au hukusema? Mama mkubwa alikuwa ameinamia sakafu. Mimi nilikuwa nimeushikilia mtungi kwa nguvu hata mikono ikafa ganzi, nikimwomba Mungu asinitaje, wala sikumwomba jambo jingine lolote. Otilia alinitazama. Ulikuwa mtazamo mfupi, wa mtu anayepima mzigo kabla ya kujitwisha. "Nilisema," alijibu. "Nimebadili." Baba mkubwa akanyanyuka na fimbo yake. Nilitoka na mtungi wangu nikaenda kusimama kwenye migomba, nikasubiri mpaka imekwisha. Kesho yake jembe lilirudishwa, na Otilia alipomwomba baba yake barua ya kwenda kwa masista, baba mkubwa alisema hawezi kuandika sifa za mtu asiye na neno moja. Begi la gunia la sukari mama mkubwa alilitia vitunguu.

Jumapili iliyofuata, kilabuni, mtani mmoja wa ukoo wa baba mkubwa alisimama na kibuyu cha pombe. Alikuwa mzee mcheshi, nami nilimpenda kabla ya siku hiyo. Akamwuliza mwenzake: Otilia, una kiu? Mwenzake akaitika kwa sauti ya kike, ndiyo, baba. Akamimina pombe yote chini na kusema, nimebadili. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Asubuhi wasichana walikuwa wanalisema kisimani. Mavuno hayajaisha, wavukaji wa mto walikuwa wanalisema kivukoni Ifakara, na kabla ya Noeli nililisikia kwa wauza ndizi wa Mkula ambao hawakuwahi kumwona Otilia. Nitasema na hili kwa kuwa nimeanza. Kisimani pale, walipolisema mara ya kwanza, walinigeukia kuona nitafanya nini, kwa sababu nililala naye kitanda kimoja. Nilicheka. Nilicheka kuliko wote.

Otilia aliondoka Mofu kabla ya masika kurudi, akaenda Mbingu kwa kaka yake, akalima mpunga huko maisha yake yote. Hakuolewa, ingawa walimwendea. Neno lilifika Mbingu kabla yake. Siku moja wanawake wa kijiji walitaka katibu wa shamba lao la pamoja, na yeye ndiye aliyejua kuandika kuliko wote. Mwenyekiti alimwuliza kama yuko tayari, akajibu ndiyo, na ukumbi wote ukaanguka kwa kicheko. Walimchagua mwingine, kwa nia njema, kwa kuwa waliona naye anacheka. Tangu siku hiyo aliliacha neno lenyewe. Kaka yake alinisimulia kwamba alisema haya, au sawa, au alitikisa kichwa. Hata kanisani, mahali pa kuitika, aliitika kimoyomoyo. Mtu aliyelipenda neno shule kwa sababu tu lilikuwa na asili yake, alinyang'anywa neno ambalo hata mtoto wa miaka miwili analo. Na sisi tuliomnyang'anya tuliendelea kuliona ni kichekesho. Mimi nimelitumia darasani. Mtoto aliniahidi daftari, hakuleta, nikamwambia mbele ya wenzake amenipa ndiyo ya Otilia, na darasa likafurahi.

Nilimtembelea Mbingu nikiwa na miaka thelathini na kitu, nimekwisha kuwa mwalimu mkuu, nina saa ya mkononi. Alinipikia kambale mkavu kwa karanga, tukala katika sahani moja kama zamani. Sikuweza kuanza. Ni yeye aliyeanza, akinitolea mwiba wa samaki. Alisema angenitaja siku ile, wazee wangeniuliza ni nani aliyenituma, nami nilikuwa mtoto, ningesema. "Baba angemwua mama," alisema. "Ndiyo maana nikalibeba." Nikalia, akaniacha nilie, akanawa mikono. Halafu akaniomba kitu, na katika maisha yake ni hicho kimoja tu alichowahi kuniomba. "Mama akishazikwa, waambie watu," alisema. "Usiwaambie wote. Waambie wa kwetu tu, wajue sikuwa kigeugeu." Nikamwambia ndiyo.

Mama mkubwa alizikwa miaka sita baadaye, mvua inanyesha, nami nilikuwepo. Wa kwetu wote walikuwepo pia. Nilisimama kutoa shukrani kwa niaba ya familia, kwa kuwa mwalimu ndiye anayejua kusema, na Otilia alikuwa amekaa mkekani akinitazama. Nilishukuru kwaya. Nilishukuru majirani kwa kuni na maji. Kisha nikakaa. Nilijiambia msibani si mahali pake, nitasema matanga; matanga nikajiambia nitasema Pasaka. Pasaka ngapi zimepita. Ukweli ni kwamba niliogopa kuchekwa, mwalimu mkuu mwenye saa yake, na niliona ni afadhali achekwe aliyekwisha kuzoea. Hasira yangu kwa mama mkubwa imepoa, maana alikuwa akiishi na fimbo ya mpingo. Hasira yangu kwa watani inakuja na kuondoka. Ile niliyo nayo kwa yule mwanamke aliyeshukuru kwaya haijapoa hata leo, na sitaki ipoe. Bonde zima linamtaja Otilia kwa ahadi ya uongo, na ahadi ya uongo aliyeitoa ni mimi, tena mara mbili.

Nilirudi Mbingu siku ya matanga ya Otilia. Niliomba nafasi, nikasimama na fimbo yangu, nikasimulia yote niliyoyaandika hapa, tangu ukuta mpaka kwaya. Hawakucheka. Bibi mmoja wa rika langu aliguna na kusema alikuwa akihisi. Yule kijana mtani alivua kofia yake, akanipa shikamoo upya, akasema hakujua. Aliyenitia kisu ni mtoto wa kaka yake Otilia, aliyemwuguza mpaka mwisho. Hakuwa na ukali wowote. Aliniuliza, "Shangazi, kwa nini hukusema akiwa anasikia?" Nikamjibu kwamba niliogopa kuchekwa. Akaitikia kwa kichwa, akanipa kiti, na mazungumzo yakahamia kwenye ugawaji wa vyombo vya marehemu, ambavyo havikuwa vingi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni Ifakara kununua samaki. Mwanamke mmoja alikuwa amepanga perege kwenye meza ya mbao, na mteja wake alisema atapita jioni kuchukua fungu kubwa. "Dada, usinipe ndiyo ya Otilia," muuza samaki alimwambia, akicheka vizuri tu, bila ubaya. Nikaweka kikapu changu chini. Nikamwambia, mwanangu, mimi namjua huyo Otilia, na ndiyo hiyo si yake, naomba unisikilize. Nikaanza tangu mwanzo. Wakati ninasimulia aliuza mafungu mawili, akafukuza nzi, akatoa chenji, akamkaripia mtoto aliyegusa samaki. Nilipomaliza alinitazama kwa huruma wanayopewa wazee, akasema, "Pole, bibi. Kumbe lina mwenyewe." Sijui kesho yake alilisema tena au hakulisema. Nilimshukuru, nikaokota kikapu, nikahamia meza ya pili.